Sindano Moja, Marafiki Wangapi?

Somo la safari hii limetoka kwa akina mama wa kikundi kimoja huku Pwani. Tulikuwa tumekaa nao chini ya mkorosho baada ya kuhesabu pesa za mzunguko, na shughuli ilikuwa imekwisha, ila hakuna aliyeinuka. Tukajua kuna neno.

Nyuma ya shamba lao la mihogo kuna nyumba iliyoachwa kabla ya kuezekwa. Vijana wanaojidunga unga, yaani heroini, wamefanya maskani pale. Asubuhi akina mama wakienda kupalilia hukuta sindano kwenye nyasi, na juzi mtoto wa miaka minne aliokota moja akawa anaichezea. Mwenyekiti akatuambia, "Ninyi mnajua kuandika. Tuandikieni barua kwa chifu, hawa mateja waondolewe."

Hatukukubali wala hatukukataa. Mama aliyemnyang'anya mtoto wake sindano iliyotumiwa na mtu mwingine ana haki ya kukasirika, na hakuna mtu wa ofisini anayefaa kumwambia atulie. Lakini barua ya namna hiyo sisi tuliwahi kuiandika, katika kijiji kingine, na siku ile tulipigiwa makofi. Tutawaeleza yaliyofuata. Kwanza tufanye zoezi, maana bila zoezi hili hadithi yetu haitaeleweka vizuri.

Mkeka, mahindi na uzi

Tandikeni mkeka. Tafuteni punje ishirini za mahindi, maharagwe mekundu machache, kunde kidogo na uzi wa kushonea. Kila punje ya mahindi ni mtu anayejidunga. Msitaje jina la mtu yeyote, hata kama nyote mnamjua. Hilo ni sharti, na sababu yake tutaisema.

Punje tatu ziwekeni karibu karibu. Hawa ni marafiki waliokua pamoja. Hununua kete moja kwa kuchanga, kwa kuwa hakuna aliye na pesa ya kutosha peke yake. Waunganisheni kwa uzi. Punje mbili nyingine ni kijana na mpenzi wake. Huyu msichana hamjui mtu mwingine pale maskani. Humtegemea kijana amdunge, na hudungwa baada yake. Uzi tena. Katikati ya mkeka wekeni mtu mwenye mkono mwepesi wa kupata mshipa. Wale ambao mishipa yao imeharibika humwendea awadunge, na malipo yake ni kuachiwa kidogo. Kutoka kwake toeni nyuzi saba au nane. Pembeni kabisa wekeni makanga wa matatu ambaye siku za kazi yuko hapa na Jumapili yuko Mombasa na marafiki wengine. Hizo punje zilizobaki zipangeni mnavyoona ninyi.

Sasa toeni punje moja kati ya wale watatu wa kwanza, mahali pake wekeni haragwe jekundu. Huyo ana virusi vya UKIMWI na hajui. Fuateni uzi kwa kidole, taratibu. Tumefanya zoezi hili na vikundi vingi, na mara nyingi kelele huisha kidole kinapofika kwa makanga.

Mtaona kwamba watu hawa hawako sawa mbele ya ugonjwa. Kuna aliye pembeni mwenye uzi mmoja tu, na kuna aliye katikati ambaye kila kitu kinapita kwake. Wote wawili huenda wanajidunga mara tatu kwa siku, lakini hatari yao si moja. Huko Marekani, katika mtaa wa Bushwick mjini New York, watafiti walifanya kazi kama hii, bila mahindi, kati ya mwaka 1991 na 1993. Waliwahoji watu 767 wanaojidunga, wakamwuliza kila mmoja anajidunga na nani, wakaunganisha majibu. Waliokuwa katika kiini cha wavu ule mkubwa walikutwa na virusi zaidi ya waliokuwa pembeni. Kwa hiyo haitoshi kuuliza mtu anajidunga mara ngapi. Yafaa kuuliza anajidunga na nani, na huyo naye anajidunga na nani.

Bado kunde. Kila kunde ni mtu ambaye hajawahi kugusa unga maishani mwake, lakini ameunganika na punje: mke, mume, mtoto aliye tumboni. Toeni uzi kutoka punje hadi kunde. Siku ile chini ya mkorosho, hapa ndipo mama mmoja, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuanze, alichukua kunde akaiweka karibu na punje moja. Akasema, "Huyu ni mimi. Na huyu ni wangu." Mwenyekiti akainama. Hakuwa anajua, na wamekaa kikundi kimoja miaka sita.

Kwa nini wanachangia sindano

Wengi wetu tunadhani wanachangia kwa ujinga au kwa kuwa hawajali. Kaeni nao mtasikia mengine. Kwanza ni pesa: mliochanga pamoja mnagawana pamoja, na unga uliokorogwa kwenye kijiko kimoja huvutwa kwa sindano ileile. Pili ni hofu. Mtu akikamatwa na sindano mfukoni ameshajieleza kwa polisi, basi huona heri asitembee nayo, aitumie iliyoko maskani. Halafu kuna arosto. Anayeshikwa na arosto anatapika, anaharisha, mifupa inamwuma kama inapasuliwa, na mtu wa hali hiyo hangoji duka la dawa lifunguliwe.

Lakini liko jambo la nne ambalo sisi lilituchukua muda kulielewa. Wanachangia kwa kupendana. Ukikaa na wenzako ukatoa sindano yako peke yako, ni kama umekaribishwa chakula ukatoa sahani yako mfukoni. Unawaambia huwaamini. Mwaka 2005 watafiti waliripoti jambo kutoka Dar es Salaam lililowashangaza wengi: baadhi ya wanawake, baada ya kujidunga, walikuwa wakivuta damu yao ndani ya sindano na kumpa mwenzao asiye na pesa ajidunge damu ile, wakiamini ina unga wa kumtosha kuzuia arosto. Ni njia ya hakika ya kumpa mtu virusi. Na ilianzia kwenye huruma! Ukiwaendea watu kama hao na bango la kuwatisha, umekosea mlango.

Na msifikiri ni sindano peke yake. Kijiko cha kukorogea, maji ya kusuuzia, pamba ya kuchujia, vyote hubeba damu isiyoonekana kwa macho. Virusi vya homa ya ini aina ya C ni vigumu zaidi kufa kuliko vya UKIMWI. Katika maabara imeonekana vikiishi ndani ya bomba la sindano hadi siku 63. Homa ya ini aina ya B nayo hupita njia hiyohiyo, ila yenyewe ina chanjo. Ya C haina chanjo, lakini siku hizi inatibika kabisa kwa vidonge vya miezi miwili au mitatu. Kifua kikuu hakihitaji sindano. Kinahitaji chumba kisicho na hewa, na maskani nyingi ziko hivyo.

Barua yetu

Sasa tuseme habari ya barua. Kijiji kile kilikuwa na maskani ya vijana ishirini na kitu, chini ya banda la makuti. Wazazi walikuja kwetu, tukaandika, mzee wa mtaa akatia sahihi, askari wakaja alfajiri. Banda likachomwa. Wachache walikamatwa, wengine wakakimbia. Kwa wiki mbili kijiji kilikuwa kimya, na sisi tukaandika kwenye ripoti yetu kwamba jamii imechukua hatua.

Jambo ambalo hatukuwa tumeuliza ni nani alikuwa anafanya nini pale bandani. Kumbe kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akienda mjini kila wiki kwenye kituo cha kuwahudumia wanaojidunga. Alikuwa akirudi na sindano mpya za wenzake na kurudisha zilizotumika. Yeye ndiye aliyekuwa akiwahimiza wapimwe. Katika zoezi letu huyo ni punje ya katikati, lakini ya aina nyingine: kilichokuwa kikipita kwake ni kinga. Siku ya askari alikimbilia Mombasa, hakurudi.

Waliobaki walihamia kwenye machimbo ya mawe, kama nusu saa kwa miguu. Huko walikuta kundi jingine lililofukuzwa kutoka mahali pengine. Makundi mawili ambayo hayakuwa yakijuana yakawa moja, na sindano hazikuwapo za kutosha hata moja. Baada ya miezi kadhaa, vijana watatu wa lile kundi letu la kwanza walipimwa, wakakutwa na virusi. Hatuwezi kusema ni kwa sababu ya barua. Lakini pia hatuwezi kuapa kwamba barua yetu haimo. Na zile sindano zilizowakera wazazi hazikwisha. Zilihamia machimboni, ambako watoto wa kijiji huponda kokoto siku za likizo.

Rudini kwenye mkeka. Chukueni punje mzitawanye kwa mkono, kama askari walivyofanya. Halafu ziokoteni mziweke zilipoangukia, na muunganishe nyuzi upya. Hesabuni nyuzi.

Yaliyotupata sisi kwa udogo yalipata mji mzima wa Edinburgh, huko Scotland, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Heroini ilikuwa imejaa, polisi wakakaza, sindano zikawa ngumu kununua na kila aliyekutwa nayo alinyang'anywa. Watu wakawa wanakusanyika kwenye nyumba chache zenye sindano, wengi kwa sindano moja. Virusi vikaingia. Katikati ya miaka ya 1980, daktari mmoja wa mji ule alipopima damu ya wagonjwa wake wanaojidunga, nusu yao walikuwa tayari wameambukizwa. Mji wa Glasgow uko karibu, mwendo wa saa moja kwa gari moshi, nao ulikuwa na heroini nyingi vilevile, lakini maambukizi yake yalikuwa machache sana. Polisi wa Edinburgh walidhani wanapunguza madawa. Walichopunguza ni sindano.

Mtu wa ndani

Kama ugonjwa unafuata uzi wa urafiki, basi na neno jema laweza kufuata uzi huohuo. Mji wa Chicago ulijaribu. Watu waliowahi kujidunga, wanaojulikana na kuaminika mitaani, walipewa kazi ya kurudi kwa wenzao. Hawakupeleka hotuba. Walikaa, wakaeleza jinsi virusi vinavyopita, wakatafuta wale wanaosikilizwa katika kila kundi na kuwaachia wao waseme. Kati ya mwaka 1988 na 1992, maambukizi mapya kwa watu waliofuatiliwa yalishuka kutoka 8.4 hadi 2.4 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Wengi wao hawakuacha heroini katika muda ule. Waliacha kuchangia.

Hapa kwetu njia ya marafiki ilitumika Nairobi mwaka 2011. Watafiti walitaka kujua hali ya wanaojidunga, na watu hao hawaji kwa tangazo. Kwa hiyo walianza na wachache, kila mmoja akapewa kadi za kuwapa rafiki zake, na hao wakapewa kadi zao. Walipatikana watu 269. Karibu 19 kati ya kila 100 walikuwa na virusi, wakati kwa watu wazima wa Kenya kwa jumla, uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha karibu 6 kati ya 100. Wanawake wachache waliopatikana walikuwa wameathirika zaidi ya wanaume. Mkumbuke yule msichana anayedungwa wa pili.

Mwaka 2012 serikali ilipotangaza mpango wa kugawa sindano safi, viongozi wengi wa dini huku Pwani walipinga, na sisi hatukuwa mbali nao. Tulisema kumpa mlevi sindano ni kumpa mwizi ufunguo. Leo ofisi yetu haigawi sindano, na hatutawaficha kwamba jambo hili bado tunalibishania wenyewe kwa wenyewe, hata mezani wakati wa chai. Lakini tumeacha kuwasema vibaya wanaozigawa. Mtu aliyekufa hatubu, wala hapati matibabu. Mwezi wa Desemba 2014 Hospitali ya Mathari ilianza kutoa methadoni, na mwaka 2015 Malindi na Mombasa zikafuata. Ni dawa ya maji, mtu huinywa kila siku mbele ya mhudumu, bei yake si kete, na arosto haimshiki. Asiyehitaji kujidunga hana sindano ya kuchangia. Tumewaona vijana waliorudi kuchoma makaa na kulea watoto wao, na tumewaona wengine walioacha baada ya miezi miwili kwa sababu nauli ya kila siku iliwashinda. Kikundi chenye mfuko wa dharura kifikirie hapo kwenye nauli.

Jambo moja la kuangalia: mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada mingi ya afya, kazi za namna hii ziliyumba sehemu nyingi. Kabla ya kumtuma mtu, ulizeni kama kituo mnachokijua bado kiko wazi na siku zake ni zipi. Kijana aliyejikokota hadi mjini akakuta kufuli hatarudi mara ya pili.

Kuhusu sindano za shambani

Watoto wafundishwe kutogusa, waje kuita mtu mzima. Mtu mzima asiokote kwa vidole. Atumie koleo au vijiti viwili, asijaribu kurudisha kifuniko cha sindano, aitie kwenye chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko, na chombo kikijaa robo tatu kipelekwe kituo cha afya. Kisimwagwe shimoni wala chooni. Aliyechomwa aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue, aende hospitali siku hiyohiyo. Kuna vidonge vya kuzuia virusi vya UKIMWI visishike, lakini lazima vianze kabla ya saa 72 kupita, na mapema ni bora.

Zoezi likiisha, changanyeni punje zote na mkunje uzi. Msichore ramani ile kwenye karatasi, msiipige picha kwa simu. Hii ndiyo sababu ya kukataza majina. Ramani inayomwonyesha muuguzi nani wa kuongea naye humwonyesha askari nani wa kukamata, na mkiipoteza hamjui itaokotwa na nani.

Akina mama wa shamba la mihogo hawakuandika barua. Yule mama wa kunde alikwenda kwa mwanawe, peke yake, akiwa na chupa ya uji. Alikwenda mara nne kabla hajaulizwa anataka nini. Akasema anataka kumjua huyo mnayemsikiliza. Sasa kuna jerikeni ya njano pembeni ya ile nyumba, na kijana mmoja wa pale ndiye anayeikabidhi kwa muuguzi siku ya Alhamisi. Nyasi bado si safi kabisa. Wiki iliyopita mwenyekiti alikuta sindano mbili, na alitupigia simu akiwa na hasira, ana haki.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Katika kijiji chenu, ni nani aliye katikati ya wavu, bila kumtaja jina? Ni nani kati yetu anayeweza kumsalimia akaitikiwa?

Kama mwanachama ana mtoto anayejidunga, je, kikundi chetu ni mahali anapoweza kulisema? Kama hapana, ni maneno gani tunayosema sisi wenyewe yanayomfunga mdomo?

Nauli ya kwenda kunywa methadoni kutoka kwenu ni shilingi ngapi kwa mwezi? Hesabuni, kisha mweka hazina aseme mfuko una nini.